Methanoli, ethanoli au aisopropanoli: ipi ya kutumia kwenye elektrodi ya platinamu?

Una elektrodi moja ya platinamu, potenshiostati (kifaa cha kushikilia volti na kupima mkondo), na chupa tatu za alkoholi kabatini. Iwe ni katika maabara ya Njoro, Maseno au Kakamega, nchini Kenya, uamuzi wa mapema kabisa ndio unaoshika usukani wa miezi inayofuata: utafanyia kazi alkoholi ipi? Wengi huchukua iliyo karibu, au ile ambayo kwenye makala za watafiti wengine imeonyesha kilele kirefu cha mkondo. Njia zote mbili hupoteza muda. Kilele kirefu kinakueleza elektroni ngapi zimepita kwa sekunde. Hakikuelezi molekuli imegeuka nini, wala uso wa platinamu umebaki katika hali gani. Alkoholi hizi tatu hunata kwenye platinamu kwa namna tofauti, hukatika mahali tofauti, na huacha mabaki tofauti. Kwa hiyo chupa ichaguliwe kwa swali unalotaka kuiuliza platinamu.

Vigezo

Tutazipima kwa mambo manne. La kwanza ni jinsi molekuli inavyonata na kile inachoacha juu ya chuma. La pili ni njia ya uoksidishaji: inaanzia volti gani, inaishia zao gani, na kwa elektroni ngapi. La tatu ni chupa yenyewe, yaani usafi wake, upatikanaji na hatari. La nne, ambalo husahauliwa sana, ni kama unaweza kuthibitisha zao kwa vifaa ulivyo navyo. Baada ya hayo tutasema kila moja inamfaa nani.

Volti zote hapa zimepimwa dhidi ya elektrodi rejea ya haidrojeni, ile inayoandikwa RHE, katika asidi ya salfuriki ya 0.5 M, kwenye platinamu ya kawaida yenye fuwele mchanganyiko, kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Platinamu ya fuwele moja ina tabia zake, na tutaigusa pale tu inapobadilisha uamuzi.

| | Methanoli | Ethanoli | Aisopropanoli |
|---|---|---|---|
| Uzito wa moli (g) | 32.04 | 46.07 | 60.10 |
| Ujazo wa kutengeneza 100 mL za 0.1 M | 0.41 mL | 0.58 mL (ya 96%: 0.61 mL) | 0.77 mL |
| Elektroni ikiungua yote hadi kaboni dioksidi | 6 | 12 | 18 |
| Elektroni za zao la kawaida kwenye platinamu | 2 hadi 6 | 2 au 4 | 2 |
| Kiwango cha kuchemka usawa wa bahari | 64.7 °C | 78.4 °C | 82.5 °C |

Maandalizi yanayozihusu zote

Sehemu hii isirukwe, kwa sababu matokeo mengi mabaya yanayolaumiwa alkoholi huwa yametoka kwenye maji au kwenye elektrodi rejea.

Maji ya visima vya Nakuru yanajulikana kwa floridi, na kuna wanaoiogopa hata kwenye elektrodi. Kwa platinamu floridi si tatizo kubwa, maana hunata kidogo sana. Tatizo ni kloridi. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini hubeba kloridi, na kukeneka mara moja kwenye mtambo wenye uchafu hakutoshi kuiondoa. Hata 0.1 mM ya kloridi hukalia nafasi ambazo alkoholi ilipaswa kunata, na huchelewesha kutokea kwa oksidi. Tumia maji yenye ukinzani wa megaomu-sentimita 18.2. Kama mtambo huo haupo, keneka mara mbili, ya pili ukitia pamanganeti ya potasiamu kidogo yenye alkali ili iteketeze mabaki ya kikaboni, kisha ujaribu maji hayo kwa voltamogramu (mchoro wa mkondo dhidi ya volti) ya asidi tupu kabla ya kuyaamini.

Kloridi huingia pia kupitia elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha, inayovuja polepole kwenye chombo. Ya zebaki na salfeti ya zebaki ndiyo inayofaa katika asidi ya salfuriki. Ikiwa imejazwa salfeti ya potasiamu iliyokolea kabisa, ongeza takriban 0.66 V kwenye namba unayosoma ili upate volti za RHE. Ukilazimika kutumia ya fedha yenye kloridi ya potasiamu ya 3 M, ongeza takriban 0.23 V, na uitenge kwa daraja la chumvi lisilo na kloridi. Wanaofanya kazi Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, wasihangaike na mgandamizo mdogo wa hewa wanapotengeneza elektrodi ya haidrojeni: kosa lake ni kama milivolti 3 tu.

Vyombo vya kioo viloweke usiku kucha katika pamanganeti yenye asidi, vioshe kwa mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na peroksidi ya haidrojeni iliyozimuliwa hadi rangi ya kahawia iishe, kisha vichemshe katika maji safi mara tatu. Elektrodi isugue kwa unga wa alumina wa mikromita 1, halafu 0.3, halafu 0.05, na uioshe kwa maji kila hatua. Waya wa platinamu mtupu unaweza kuupitisha kwenye moto. Elektrodi iliyofunikwa plastiki usiiweke motoni kamwe, plastiki italegea na asidi itapenya pembeni mwa chuma.

Fanya 0.5 M ya asidi kwa kumimina 27.2 mL za asidi ya 98% polepole ndani ya maji, ukamilishe lita moja. Pitisha nitrojeni au argoni dakika 15 hadi 20. Zungusha volti kati ya 0.05 na 1.4 V, kwa 100 mV kwa sekunde, mpaka mizunguko ifuatane bila kubadilika. Uone vilele vya haidrojeni chini ya 0.4 V, uwanda bapa katikati, oksidi kuanzia karibu 0.8 V, na kilele cha kuondoa oksidi volti zikirudi. Vilele vya haidrojeni vikiwa butu na vimeungana, uso bado mchafu. Pima chaji ya haidrojeni ukiondoa ile ya tabaka pacha (chaji inayojipanga tu mpakani mwa chuma na myeyuko), gawanya kwa mikrokulombu 210, utapata sentimita za mraba za platinamu inayofanya kazi kweli. Mkondo wowote utakaoripoti ugawe kwa eneo hilo, si kwa eneo la duara unaloliona kwa macho.

Halijoto nayo ina uzito wake. Kati ya asubuhi ya Njoro na alasiri ya Kisumu panaweza kuwa na tofauti ya nyuzi 10 au zaidi, na hiyo inatosha kukaribia kuongeza mkondo wa methanoli maradufu. Weka chombo katika beseni la maji ya nyuzi 25.

Stima nayo ikikatika katikati ya kipimo, elektrodi hubaki ndani ya alkoholi bila volti na kujifunika mabaki. Usiendelee pale ulipoachia. Hamisha elektrodi kwenye asidi tupu, izungushe hadi 1.4 V mara kadhaa, hakiki umbo la haidrojeni, kisha anza upya.

Methanoli

Inavyonata

Methanoli haina kiungo cha kaboni kwa kaboni, na hapo ndipo thamani yake kwa mtafiti ilipo. Inaponata, platinamu hukata viungo vya haidrojeni kimoja baada ya kingine, kwa kawaida ukianza na kilichoshikana na kaboni. Kinachobaki mwishoni ni kaboni monoksidi iliyoshikamana na chuma kwa upande wa kaboni yake. Kazi hiyo inahitaji atomi kama tatu za platinamu zilizopakana na zilizo wazi. Ndiyo maana chini ya 0.2 V, haidrojeni ikiwa imetanda, methanoli hunata kidogo tu.

Kaboni monoksidi ikishajaa, hali ni kama gugu maji likifunika ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria: mitumbwi ipo, samaki wapo, lakini hakuna pa kutia nanga. Methanoli imejaa kwenye myeyuko na haina pa kushuka.

Inavyooksidishwa

Kuondoa kaboni monoksidi kunahitaji kundi la oksijeni na haidrojeni kutoka kwa maji, lililonata pembeni yake. Platinamu safi huwa nzito kuyavunja maji kabla ya 0.5 hadi 0.6 V, na hapo ndipo mkondo wa methanoli huanza kuonekana vizuri. Kilele cha kwenda, yaani volti zikipanda, huwa karibu 0.85 hadi 0.9 V, kisha oksidi hufunika uso na mkondo hushuka. Kwa hesabu ya nishati, methanoli ilipaswa kuanza kuungua karibu 0.02 V. Pengo hilo la zaidi ya nusu volti ndilo lililokwamisha seli za fueli za methanoli kwa miongo mingi.

Si yote hupitia kaboni monoksidi. Sehemu hutoka mapema kama fomaldehaidi kwa elektroni 2, au asidi ya fomiki kwa elektroni 4. Elektrodi laini hutoa nyingi zaidi ya hizo. Iliyo nene yenye vinyweleo huzirudisha zinate tena na kuungua mpaka kaboni dioksidi. Hivyo maabara mbili zinaweza kupata mazao tofauti kwa platinamu ile ile na zote zikawa sahihi.

Onyo moja kuhusu kilele cha kurudi, kinachotokea karibu 0.7 V. Watu wengi wamekigawanya na kilele cha kwenda na kuuita uwiano huo kipimo cha kustahimili kaboni monoksidi. Sivyo kilivyo. Kilele hicho ni methanoli mpya inayoungua kwenye uso uliotoka kuvuliwa oksidi, na ukubwa wake hutegemea volti uliyofikia juu kabla ya kurudi. Ukitaka kujua ustahimilivu, shikilia 0.6 V kwa dakika 30 na uangalie mkondo unavyoporomoka.

Chupa na usalama

Methanoli ya daraja la kromatografia hutosha moja kwa moja. Sumu yake ni nzito: mwilini hugeuka asidi ya fomiki inayoharibu mishipa ya macho, na vifo vya pombe iliyochanganywa nayo vimetokea nchini mara nyingi. Chupa yake ikae kabati lenye kufuli, iwe na lebo isiyosomeka vibaya, na isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Kazi yote ifanyike kwenye chemba ya kutolea mvuke.

Ikiwa utatumia asidi ya pakloriki badala ya salfuriki ili kukwepa salfeti inayonata, changanya alkoholi na asidi iliyokwisha kuzimuliwa hadi 0.1 M. Asidi ya pakloriki kali ikikutana na alkoholi yoyote, hasa ikiwa moto, inaweza kulipuka.

Kuthibitisha zao

Fomaldehaidi huonekana kwa asidi ya kromotropiki ndani ya asidi ya salfuriki kali: rangi ya zambarau. Kaboni dioksidi ni ngumu zaidi. Mkondo wa 1 mA kwa saa nzima ni kulombu 3.6, sawa na mikromoli 6 tu za kaboni dioksidi, na maji ya chokaa hayatakupa jibu la kuaminika kwa kiasi hicho. Mwenye infraredi ya elektrokemia ataiona kwenye 2,343 kwa sentimita, na kaboni monoksidi iliyosimama wima karibu 2,050 hadi 2,080.

Kuna njia nzuri isiyohitaji kifaa hicho. Natisha methanoli kwa 0.35 V dakika 5. Badilisha myeyuko kwa asidi tupu bila kukata volti wala kuiacha elektrodi ikauke. Kisha pandisha volti. Linganisha chaji ya kuunguza mabaki na chaji ya haidrojeni iliyozuiwa: uwiano ukikaribia 2, mabaki yamesimama kila moja kwenye atomi moja ya platinamu, ukikaribia 1, kila baki limekalia zaidi ya moja.

Inamfaa nani

Anayejaribu aloi mpya dhidi ya kaboni monoksidi. Historia ya platinamu na rutheniamu iko hapa: Watanabe na Motoo mwaka 1975 walieleza kwamba rutheniamu huvunja maji kwa volti za chini na kumkabidhi jirani yake oksijeni. Kwa joto la chumba, rutheniamu ya karibu asilimia 10 ya atomi za usoni huwa bora, kwa kuwa methanoli bado inahitaji atomi tatu za platinamu zilizopakana. Ukiongeza joto, kiasi kinachofaa nacho hupanda.

Ethanoli

Inavyonata

Hapa mambo ni mengi, na hapa ndipo makosa ya tafsiri hutokea zaidi. Ethanoli hushuka kwa kaboni yenye kundi la hidroksili. Kutoka hapo kuna njia panda. Ikiwa kiungo cha kaboni kwa kaboni kitakatika, platinamu hubaki na mabaki ya aina mbili: kaboni monoksidi, na vipande vya kaboni na haidrojeni. Vipande hivi havitoki kwa urahisi. Vingine hugeuka kaboni monoksidi volti zikipanda, vingine huondoka kama methani ukishusha volti hadi eneo la haidrojeni. Ikiwa kiungo hakitakatika, molekuli hupoteza haidrojeni mbili na kuondoka kama asetaldehaidi, au huchukua oksijeni na kuwa asidi ya asetiki.

Kukatika kwa kiungo hutegemea sura ya uso. Ngazi na kingo za atomi hukata. Uwanda mpana wa fuwele ya (111), namba inayotaja upande ambao fuwele imekatwa, hukata kidogo sana. Mwanafunzi anayesugua elektrodi kwa namna tofauti kila wiki atapata ethanoli tofauti kila wiki.

Inavyooksidishwa

Mkondo huanza polepole karibu 0.4 hadi 0.5 V. Volti zikipanda utaona vilele viwili: kimoja karibu 0.9 V, kingine karibu 1.25 V. Mtu akiona mkondo wa ethanoli umezidi wa methanoli kwenye volti fulani, hushawishika kusema ethanoli imeungua vizuri zaidi. Lakini katika asidi na joto la chumba, platinamu hutoa kaboni dioksidi kwa asilimia chache tu. Sehemu kubwa ni asetaldehaidi kwa elektroni 2 na asidi ya asetiki kwa elektroni 4, kati ya 12 zilizowezekana. Asidi ya asetiki ikishatokea ndiyo mwisho wa safari: platinamu haiiunguzi, na asetati yake hunata na kushindana na oksijeni ya maji kwa nafasi.

Ukolezi hubadilisha jibu. Ukitumia 0.5 M au zaidi, asetaldehaidi hutawala, kwa kuwa molekuli mpya huisukuma ile iliyonusa uso kabla haijaongezewa oksijeni. Ukishuka hadi chini ya 0.01 M, sehemu ya asidi ya asetiki hupanda. Kwa hiyo matokeo ya ethanoli yasiyotaja ukolezi hayawezi kulinganishwa na ya mtu mwingine.

Bati likiongezwa kwenye platinamu, mkondo wa volti za chini hupanda sana. Litazame kwa makini: mkondo unaoongezeka ni wa asidi ya asetiki zaidi, si wa kukata kiungo. Anayetaka kukata kiungo huelekea kwenye rodiamu, ambayo peke yake ni nzito kuondoa kilichokatika, na ndiyo maana huchanganywa.

Chupa na usalama

Hii ndiyo alkoholi ya eneo letu. Molasi za viwanda vya sukari hugeuzwa ethanoli Muhoroni na Kisumu, na hilo huipa kazi yako maana mbele ya wafadhili na wenyeji. Hata hivyo ethanoli ya viwandani isiende moja kwa moja kwenye platinamu. Hubeba asetaldehaidi na alkoholi nzito kidogo, na asetaldehaidi hunata na kuacha kaboni monoksidi kabla ya ethanoli yenyewe kuanza. Ile iliyotiwa rangi na methanoli ili isinywewe haifai kabisa.

Wengi hudhani ethanoli kavu ya 99.9% ni bora kuliko ya 96%. Uliza ilikaushwaje. Ikiwa ilikaushwa kwa kukenekwa pamoja na benzini au saikloheksani, mabaki ya benzini hunata kwenye platinamu kwa nguvu. Maji ndani ya ile ya 96% hayana madhara yoyote, maana unaenda kuichanganya na maji. Sisi tungechukua ya 96% safi kuliko kavu isiyojulikana asili yake.

Kuthibitisha zao

Jaribio la iodofomu halitakusaidia, kwa kuwa ethanoli yenyewe hulipa jibu la ndiyo. Tumia kitendanishi cha Brady kukamata asetaldehaidi: mashapo ya rangi ya chungwa au manjano. Asidi ya asetiki itahitaji kromatografia ya kimiminika.

Asetaldehaidi huchemka kwa nyuzi 20 tu. Katika chumba cha Kisumu, nitrojeni inayobubujika ndani ya myeyuko huibeba na kuitoa nje, nawe unapima mabaki na kudhani haikutokea. Wakati wa kipimo pitisha gesi juu ya myeyuko, si ndani yake, na mtego wake uwe chupa ya Brady iliyozungukwa na barafu. Anayepata nafasi ya spektrometa ya uzito iliyounganishwa na chombo asisome kaboni dioksidi kwenye 44 (uzito ukigawanywa kwa chaji), kwa maana asetaldehaidi nayo iko hapo hapo. Asome kwenye 22, ambayo ni kaboni dioksidi yenye chaji mbili, na asetaldehaidi aifuate kwenye 29.

Inamfaa nani

Anayetafiti vihisi au fueli ya hapa. Vipimo vingi vya pumzi ambavyo madereva huwekewa mdomoni barabarani, aina ya alcoblow, vina kihisi cha seli ya fueli chenye platinamu, kinachooksidisha ethanoli hadi asidi ya asetiki na kusoma mkondo. Kwa kihisi, kutokata kiungo si kasoro. Kinachohitajika ni mkondo ule ule kila mara. Kwa anayetaka umeme wa fueli, kutokata kiungo ni kupoteza theluthi mbili ya elektroni au zaidi.

Aisopropanoli

Inavyonata

Kaboni yake ya katikati ndiyo yenye hidroksili, na pande zote mbili ina vikundi vya methili. Platinamu huondoa haidrojeni mbili na molekuli hutoka kama asetoni. Kaboni monoksidi hutokea kidogo mno, kwa kuwa njia hii haihitaji kukata kiungo cha kaboni. Uchafuzi wake ni wa aina nyingine: asetoni hubaki karibu na uso, hunata kwa ulegevu na kupunguza nafasi. Ukikoroga myeyuko, au ukitumia elektrodi inayozunguka, nafasi nyingi hurudi. Kwa kaboni monoksidi ya methanoli, kukoroga hakusaidii.

Inavyooksidishwa

Mkondo huanza karibu 0.3 hadi 0.4 V, mapema kuliko zile mbili. Ni elektroni 2 tu kwa molekuli, na kwenye platinamu asetoni haiendelei mbele kwa kiasi cha maana. Mkondo wake ni rahisi kuutafsiri, kwa sababu karibu wote ni wa zao moja. Kuna faida ambayo wengi hawaitarajii: asetoni inaweza kurudishwa kuwa aisopropanoli kwa haidrojeni na kichocheo, hivyo jozi hii huchunguzwa kama njia ya kubeba haidrojeni bila kutoa kaboni dioksidi.

Chupa na usalama

Haiui kama methanoli, lakini hushika moto haraka. Ile ya 70% ya duka la dawa inaweza kuwa na nyongeza, na vitakasa mikono vina gliseroli, ambayo platinamu huioksidisha pia. Nunua ya daraja la uchambuzi. Chupa iliyokaa wazi miaka mingi kwenye mwanga hutengeneza peroksidi. Ijaribu kwa iodidi ya potasiamu yenye asidi: ikigeuka manjano au kahawia, usiitumie, na usiikeneke.

Kuthibitisha zao

Ndiyo nyepesi kuliko zote. Brady hutoa mashapo, Tollens (nitrati ya fedha yenye amonia, inayotambua aldehaidi) haitoi kioo cha fedha, basi ni ketoni, kundi la asetoni. Punguza asidi ya sampuli kabla ya Tollens, la sivyo jaribio halitafanya kazi. Kwa chaji: mikromoli 10 za aisopropanoli zikigeuka zote kuwa asetoni hutoa kulombu 1.93. Mikromoli 10 za methanoli zikiungua zote zingetoa 5.79, na ethanoli 11.58, namba ambazo kwenye elektrodi laini hutazifikia.

Inamfaa nani

Darasa la mwaka wa pili au wa tatu linalojifunza voltametri, na mtafiti anayetaka uso usiojaa kaboni monoksidi ili achunguze jambo jingine, kwa mfano athari ya salfeti au ya kasi ya kukoroga.

Asidi au alkali?

Katika 0.1 M ya haidroksidi ya potasiamu alkoholi zote tatu hukimbia zaidi, na elektrodi rejea huwa ya zebaki na oksidi ya zebaki. Usihamie huko kwa ajili ya vilele virefu pekee. Kaboni dioksidi hugeuka kaboneti, kioo hulika, na asetaldehaidi ya ethanoli hujishikanisha yenyewe na kuufanya myeyuko uwe wa manjano, kisha utando unaobaki kwenye platinamu. Ukifanya kazi ya ethanoli katika alkali, badilisha myeyuko kila mara rangi inapoanza kuonekana.

Kwa hali yako

Ikiwa una aloi mpya na unataka kusema kitu kuhusu kaboni monoksidi, chukua methanoli ya 0.1 M, fanya jaribio la kubadilisha myeyuko, na shikilia 0.6 V. Usitegemee uwiano wa vilele viwili.

Ikiwa mradi wako umefungamana na molasi za Muhoroni au na vihisi vya pumzi, chukua ethanoli ya 96% safi kwanza, kwa viwango vitatu vya ukolezi, 0.01, 0.1 na 0.5 M, kisha ndipo ulete ya kiwandani na kuitofautisha. Bila kromatografia au mtego wa barafu, ripoti mkondo tu na usitaje asilimia ya zao lolote.

Ikiwa huna kifaa chochote cha kutambua mazao zaidi ya vitendanishi vya kawaida, aisopropanoli itakupa hitimisho unaloweza kulitetea mbele ya mtahini.

Ikiwa ni somo la saa tatu kwa wanafunzi wengi, fanya aisopropanoli na methanoli kwa elektrodi moja, katika mpangilio huo huo: methanoli ikitangulia, mabaki yake yataingia kwenye kipimo cha pili. Argoni ya wachomeleaji yatosha kwa somo. Kwa kazi ya kuchapishwa tafuta gesi ya daraja la juu.

Ikiwa unalinganisha fuwele za (111), (100) na (110), ethanoli ndiyo itakayozitenganisha zaidi kwa mazao, na methanoli kwa kasi ya kuchafuka. Tumia asidi ya pakloriki ya 0.1 M, maana salfeti hunata kwa nguvu kwenye (111) na itaficha unachokitafuta.

Na ikiwa maabara haina chemba ya kutolea mvuke inayofanya kazi, methanoli ibaki kabatini. Fanya aisopropanoli ya 0.1 M katika chombo chenye kifuniko, madirisha yakiwa wazi na moto wowote umezimwa, na mezani isiwepo chupa yenye zaidi ya 50 mL.